Freni Zilikuwa Nzima

Kazi ya udereva niliianza nikiwa na miaka ishirini na moja, na nimeiacha nikiwa na arobaini na saba. Umri huo si wa kustaafu, najua, na madereva wa parking wanaponiita "retraité" wanacheka kidogo. Wacheke. Miguu yangu haijazoea kukaa. Asubuhi naondoka nyumbani bila safari, nashuka mpaka ziwani, napanda tena, nasimama mahali ambapo gari za Kavumu zinapakia na kusikiliza injini. Kwa sauti tu najua ni ipi itakayolala barabarani kabla ya juma kwisha. Siku moja dereva mmoja kijana aliniambia niandike ninayoyajua badala ya kuwasumbua nayo wakati wanatafuta abiria. Basi naandika.

Mshahara sitautaja, wala nani alinipandisha kutoka gari ndogo mpaka kubwa. Hayo hayamfundishi mtu kitu.

Siku yangu ya kwanza sikugusa usukani. Nilikuwa nimemaliza secondaire, nina diploma, nafikiri nitakuwa mwalimu, na shule zote nilizozunguka zilikuwa na walimu waliokuwa hawajalipwa tangu zamani. Mjomba wangu alinipeleka kwa fundi mmoja aliyeitwa Papa Nshokano, chini kwenye mtaa wa Cimpunda. Garage yake ilikuwa kiwanja, mabati manne na shimo la kuingilia chini ya gari. Alitengeneza vitu vingi, lakini watu walimjua kwa freni. Katika mji wetu nyumba ya mtu iko juu ya paa la jirani, na gari likikosa kusimama linaingia sebuleni mwa watu. Kwa hiyo fundi wa freni si mtu mdogo.

Alinitazama viatu kwanza.

"Umesoma?"

"Ndiyo, Papa. Niko na diploma."

"Diploma inasimamisha gari?"

"Hapana, Papa."

"Basi ingia mu shimo."

Nilikaa shimoni miezi miwili. Alinifundisha kutoa hewa ndani ya mipira ya freni: mmoja anakaa juu anakanyaga pedali na kuishikilia, mwingine chini anafungua skrubu ndogo kwenye gurudumu, mafuta yanatoka yakitoa mapovu, unafunga kabla mwenzako hajaachia. Unarudia mpaka mapovu yaishe. Nilipofunga nikiwa nimechelewa, aligonga bodi ya gari juu ya kichwa changu kwa spana. "Hewa njo inauwaka watu," alisema. "Wanasema ni shetani. Ni hewa."

Ndipo akaniweka nyuma ya usukani. Sheria yake ya asubuhi niliifuata miaka yote, na nawapa bure: washa injini, kanyaga freni mara tatu, ya nne ushikilie na uhesabu mpaka kumi. Pedali ikizama hata kidogo, zima gari, urudi kunywa chai. Abiria watakutukana. Watukane wakiwa hai.

Baada ya hapo barabara ilinichukua. Niliendesha lori la maharagwe kwenda Mwenga na Kamituga, wakati wa mvua, safari ya siku moja ikawa ya siku tano. Ninakumbuka kilima kimoja ambapo tulilala matopeni lori kumi na mbili, moja nyuma ya nyingine, na maman wa kijiji cha pale wakafungua soko katikati yetu. Tulipotoka, nadhani walisikitika. Nilishuka mteremko wa kwenda Uvira nikiwa na mapipa ya mafuta, gia ya kwanza, mguu haugusi freni ila kidogo kidogo, kama Papa Nshokano alivyonifundisha, maana freni inayokanyagwa mfululizo inapata moto na kuacha kazi. Nilibeba maharusi, nilibeba maiti, nilibeba askofu mmoja aliyelala usingizi njia nzima na kuniambia mwishoni kwamba ninaendesha vizuri. Kila nilipokaa nyumbani siku tatu, mke wangu aliniambia, "Papa Junior, enda utafute safari, unanichokesha." Alikuwa na haki. Hata sasa, gari likipita usoni pangu likielekea Mwenga, mguu wangu wa kulia unasogea.

Papa Nshokano alinifundisha na jambo lingine ambalo halikuwa la freni. Ninyi mnajua desturi yetu: mwenyeji akikupa kinywaji, anaonja kwanza mwenyewe mbele yako ili uone hakuna sumu. Akishaonja, ukikataa, umemwambia mbele ya watu wake kwamba unamwogopa. Na dereva aliyeleta wageni wa mahari ndiye wa kwanza kupewa, kwa sababu ndiye aliyewafikisha salama. Mzee aliniambia: "Sema uko ku dawa ya minyoo. Mutu ya minyoo hakuna mwenye anamulazimisha." Nilitumia minyoo hiyo miaka zaidi ya ishirini. Kuna nyumba kule Walungu ambapo mpaka leo wananihurumia.

Lakini polepole niliacha kuisema. Kwanza nilionja tu, kwa heshima. Baadaye nikawa na hesabu yangu, na najua wengi wenu mnayo hiyo hiyo: pombe ni ile ya chupa. Kasiksi wanayochachusha vijijini ni ndizi. Mtu aliyekunywa kasiksi amekula.

Siku iliyoniponza nilipeleka ukoo wa bwana arusi mpaka kijiji cha Mumosho kwa mahari. Gari lilikuwa bus ndogo ya patron wangu, na juma mbili kabla Papa Nshokano alikuwa amegusa freni zake. Asubuhi nilikanyaga mara tatu, nikashikilia, nikahesabu kumi. Pedali ilisimama imara. Mumosho mazungumzo yalikwenda vizuri, mbuzi walikubaliwa, na baba wa msichana akaniletea kibuyu mwenyewe. Akaonja. Nilikuwa na nafasi ya kusema minyoo. Sikuisema, na si kwa heshima. Nilikuwa na kiu, kasiksi ilikuwa tamu, watu walikuwa na furaha. Nilikunywa vibuyu vitatu.

Tulirudi mchana, jua linawaka, watu wanaimba. Maman Vumilia, shangazi wa bwana arusi, alikuwa ameketi mbele pembeni yangu. Wimbo ulipofika mahali wanaume wanajibu, niligeuka nyuma ili nijibu. Nilipotazama mbele tena, kona iliyo kabla ya mtaa wa Panzi ilikuwa imefika. Nilikanyaga. Freni zilishika, nasema hivi kwa sababu nilizisikia: magurudumu yalifunga, gari likateleza juu ya changarawe, likaingia mfereji na kugonga ukuta wa mawe. Watu wengine walipata mikwaruzo. Maman Vumilia alivunjika mkono mahali pawili.

Watu walijaa. Mmoja akauliza, "Ni nini?"

"Freni imekatika," nilisema.

Sikufikiri. Ndivyo madereva tunavyosema, kama mtu anavyosema pole. Kila gari lililoingia mfereji katika mkoa wetu lilikatika freni. Lakini polisi wa roulage, yaani wa barabarani, alikuwa na pua. Alinipeleka kituo cha afya, daktari akanifanya nitembee juu ya mstari wa sakafu, akaandika kwamba nimelewa. Kisha nikakaa mbele ya afisa wa polisi aliyeandika procès-verbal, yaani maelezo yangu.

"Freni ilikatika?"

"Ilikatika, chef."

"Nani anaitengenezaka?"

Hapo ningeweza kusema sijui. Ningeweza kusema mimi mwenyewe. Nilimpa jina la Papa Nshokano. Aliuliza mtaa, nikampa mtaa. Aliuliza ni lini, nikasema juma mbili. Kichwa changu kilikuwa na joto la kasiksi na nilitaka tu kutoka mle ndani, na jina lililonitoa lilikuwa la mtu aliyenifundisha kazi.

Walinishikilia siku mbili, patron akanitoa kwa dhamana. Nilikuwa sijawahi kusimama mbele ya hakimu. Kulikuwa na makosa mawili: kuendesha nikiwa nimekunywa, na kumuumiza mtu. Permis yangu, leseni ya udereva, ilibaki kwao. Nilipokuwa ninajaribu kulala niliona maisha bila ile karatasi, mimi niliyekuwa siwezi kukaa nyumbani siku tatu.

Patron aliniketisha. "Ukifika kule, usibadilishe kitu. Ulikunywa kidogo, sawa, lakini gari njo ilikosa freni. Assurance ya gari hailipaka mulevi. Unasikia?"

"Na Papa Nshokano?"

"Ule muzee watamufanya nini? Watamuuliza, atajibu, itaisha."

Kabla ya siku ya tribinali zilipita juma tatu. Sikukanyaga Cimpunda hata mara moja. Lakini parking nilikuwa nafika, kwa sababu sikuwa na mahali pengine, na pale nilisikia. Dereva mmoja alikuwa anauliza wapi apeleke gari lake. "Kwa Nshokano hapana," mwingine akasema. "Muzee macho imekwisha. Si ulisikia ya Bisimwa?" Bisimwa ni mimi. Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwao na kikombe cha chai mkononi. Nilikunywa chai.

Siku ya tribinali nilifika mapema. Maman Vumilia alikuwa tayari kwenye korido, mkono umefungwa plasta, na kitenge kipya.

"Weye, dereva," aliniita. "Ile wimbo uliimaliza?"

"Hapana, maman. Unisamehe."

"Miye niko nangojea mwisho. Miye na mukono yangu."

Watu waliokuwa pale walicheka, na yeye akacheka kidogo, lakini hakusema amenisamehe.

Papa Nshokano alikuja na shati jeupe lililopigwa pasi. Kucha zake zilikuwa na weusi ule usiotoka hata kwa sabuni ya unga. Alinisalimia kwa mkono kama siku zote, akaniuliza habari za watoto, akaenda kuketi benchi la nyuma.

Hakimu alikuwa mwanamke mwenye miwani, na wote walimwita "Maman prezida". Alianza kwa Kifaransa, karani akitafsiri, na baadaye alichoka na tafsiri akasema Kiswahili mwenyewe.

"Ulikunywa?"

"Kidogo, Maman prezida. Kasiksi tu."

"Kasiksi haiko pombe?"

"Iko ya ndizi."

"Na bière iko ya nini? Ya mawe?"

Ukumbi ulicheka. Yeye hakucheka. Aliandika kitu, akaita fundi.

"Papa, ni weye ulitengeneza freni ya hii gari?"

"Ni miye."

"Wakati gani?"

"Juma mbili mbele ya ajali."

"Dereva anasema ilikatika. Unasema nini?"

Papa Nshokano alinitazama. Hakunitazama vibaya. Alinitazama kama alivyokuwa akitazama gari lililoletwa, kabla hajaamua aanzie wapi. Kisha akamgeukia hakimu.

"Kama anasema ilikatika... Miye niko muzee sasa. Macho haiko kama ya zamani. Inawezekana nilifunga mubaya."

Karani aliandika. Mwendesha mashtaka alisimama akasema kwamba kama ni hivyo, fundi naye itabidi afunguliwe faili yake. Patron wangu, nyuma yangu, alikohoa kikohozi cha kuridhika.

"Mushtakiwa, uko na kitu ya kuongeza?"

Ningependa kuwaandikia kwamba nilisimama hapo hapo. Nilisema, "Hapana, Maman prezida," nikaketi.

Karani alimpa mzee karatasi aweke sahihi. Ilikuwa imeandikwa kwa mkono, maandishi madogo yaliyobanana. Mzee aliishika, akaisoma yote, kutoka juu mpaka chini, bila miwani, bila kuisogeza karibu. Aliweka kidole katikati. "Hapa umeandika juma tatu. Nilisema mbili." Karani akasahihisha. Mzee akatia sahihi, mstari mmoja safi, akarudi kuketi. Macho yale hayakuwa na ugonjwa wowote, na kila mtu ndani ya chumba kile aliyekuwa anataka kuona aliona. Hakimu alikuwa amevua miwani yake na kunitazama mimi.

Nilisimama.

"Maman prezida, freni zilikuwa nzima."

"Umesema nini?"

"Freni zilikuwa nzima. Zilishika. Miye njo nilikanyaga nimechelewa. Nilikunywa vibuyu tatu na nilikuwa nimegeuka kuimba."

"Na ile uliandikisha kwa polisi?"

"Nilidanganya."

Patron alitoka nje, mlango ukagonga. Hakimu aliniuliza mara ya pili na ya tatu, polepole, ili karani aandike bila kukosea. Juma lililofuata alisoma hukumu: faini, kifungo ambacho nisingekitumikia nisiporudia kosa, na permis kuzuiliwa miezi sita. Alisema ameangalia kwamba ni mara yangu ya kwanza. Akasema pia kwamba uongo wangu ulikuwa mbaya kuliko vibuyu, na hiyo karani hakuiandika.

Siku ile niliyosema ukweli nilimfuata Papa Nshokano uani. Alikuwa ananyoosha shati lake.

"Papa, ulijua?"

"Nilienda kuona gari kwa polisi, siku ya pili. Nilikanyaga. Ilikuwa nguvu kama jiwe."

"Sasa juu ya nini umesema vile?"

"Weye uko na watoto wadogo. Miye sina permis, watanyanganya nini?"

Nilianza kumwomba msamaha. Alinikatiza.

"Ungeyasema pale ku kona, ingetosha. Sasa iko mu midomo ya watu." Akaenda. Hakuwa na hasira. Ningependa angekuwa nayo.

Nilifikiri nitaitoa midomoni mwa watu. Nilikwenda parking kesho yake, nikawakusanya, nikawaambia kama nilivyomwambia hakimu. Walinisikiliza. Kisha yule aliyesema macho ya mzee yamekwisha akauliza, "Muzee alikupatia nini?" Mwingine akasema, "Wacha, alimuhurumia. Ni papa yake ya kazi." Hawakuniamini. Uongo nilikuwa nimeusema siku moja tu, tena mdomo unanuka kasiksi, na waliuamini wote. Ukweli niliusema mara nyingi, nikiwa na akili timamu, na ulionekana kama fadhili.

Permis ilirudi baada ya miezi sita. Niliwazungukia wenye magari ninaowajua tangu ujana. Mmoja alinieleza waziwazi, na ninamshukuru kwa hilo: "Bisimwa, kama ungebaki na ile freni, ningekupatia gari leo. Ajali iko ajali. Lakini mulevi mwenye alijisema mwenyewe ku tribinali, miye nitaambia abiria nini?" Hivyo ndivyo nilivyostaafu. Permis iko ndani ya sanduku, haijaisha muda.

Garage ya Cimpunda Papa Nshokano anaifungua kila asubuhi. Zamani ulikuta gari nne zinangoja. Sasa anapata moja kwa juma, mara nyingine pikipiki. Ninafika pale mara kwa mara, naingia shimoni kumshikia taa, ingawa hakuna anayenihitaji shimoni. Tunaongea juu ya barabara. Juu ya lile hatuongei.

Mara moja tu tuliongea. Nilikuwa nimekwenda tribinali kuomba nakala ya hukumu, yenye muhuri, na ndani yake imeandikwa kwa Kifaransa kizuri kwamba mshtakiwa anakubali freni zilikuwa katika hali njema. Nilimpelekea na misumari miwili ili tuipigilie kwenye nguzo, watu wasome. Aliisoma, tena bila miwani, akanirudishia.

"Hapana. Mwenye hakusikia ile habari atasoma, atauliza ilikuwa nini. Nitaanza kumueleza. Acha."

"Basi, Papa, niiandike. Madereva vijana waliniomba niandike juu ya kazi."

Alikuwa amelala chini ya pikipiki, nikamwona miguu tu. Alimaliza kukaza nati.

"Andika," alisema. "Lakini andika muzuri. Ule karani aliandika kama nilitengeneza pompi ya freni. Sikuitengeneza. Ile ya zamani nilitupa. Nilitia mupya, mu karton yake, na niliifunga mara mbili."

Pompi ilikuwa mpya, imetoka kwenye katoni yake, na aliifunga mara mbili.